Kontrola ya mkokoteni wa rimoti: ipi ununue ukiwa Mombasa, na uiunge vipi

Ami yangu anauza maji kwa mkokoteni huku Kisauni tangu mimi sijaanza shule, na mwaka huu mgongo wake umekataa. Mitungi mitano ya lita 20 ni kilo 100 za maji, na hapo hujahesabu mbao, chuma na magurudumu. Ndipo nikaanza kumuundia mkokoteni wa mota mbili unaoongozwa kwa rimoti: yeye atembee pembeni, mzigo ujipeleke. Mota na betri hazikunipa taabu. Taabu ilikuwa kontrola, ile sakiti inayokaa kati ya betri na mota, ikapokea amri ya rimoti na kuamua kila gurudumu lipate umeme kiasi gani.

Nitazipanga ninazozijua, kuanzia ile ninayomfungia ami hadi zile nisizotaka kuziona chini ya mzigo wa mtu. Lakini hesabu itangulie, maana dukani utatajiwa namba kubwa kubwa, na usipokuwa na yako utaamini ya muuzaji.

Hesabu yako kwanza

Chukua mkokoteni wenye mzigo wa kilo 140 kwa jumla. Kwenye udongo ulioshindiliwa, kuuendesha kunataka nguvu ya nyutoni 70 hivi. Ukikuta mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi, ongeza nyutoni 137. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, mita 1.2 kwa sekunde, hizo ni karibu wati 250 magurudumuni. Gia na mota nazo zina ulaji wao, kwa hiyo betri itatoa kama wati 350. Kwa volti 24 ni ampea 15, yaani saba na nusu kila mota.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kontrola ya ampea 10 wakiona wamebakisha. Wanasahau kwamba mota iliyozuiwa isizunguke huvuta kila umeme ambao waya zake zinaruhusu: volti gawanya kwa ukinzani. Ukipima mota ukapata omu 0.6, basi kwa volti 24 itavuta ampea 40. Hali hiyo hukujia kwa nukta chache kila unapoondoka, na hukaa muda mrefu gurudumu likizama mchangani au likigota kwenye ukingo wa lami. Waulize mahamali wanaopandisha mikokoteni kutoka feri ya Likoni: pale mwanzo wa kupanda ndipo nguvu zote zinapokwenda, na mota ni vivyo hivyo.

Kupima omu ndogo kwa mita ya umeme ya kawaida kuna ujanja wake. Gusanisha ncha mbili za mita kwanza, uone inasoma ngapi, kisha toa kiasi hicho kwenye kipimo chako. Zungusha shafti kidogo kidogo, pima kila mara, na ushike kile kipimo kidogo kuliko vyote.

Kanuni ninayoitumia ni hii: kontrola iweze kubeba, bila kupumzika, angalau mara mbili ya ampea za kupandia mlima, na kilele chake kifike ampea za mota iliyozuiwa. Kwa ami hiyo ni kontrola ya ampea 30 kila upande.

Halafu volti. Betri ya LiFePO4 (aina mojawapo ya lithiamu) ya volti 24, yenye seli nane, ikijaa hufika 29.2. Betri mbili za asidi zilizounganishwa mfululizo hufika kama 28.8 zikiwa kwenye chaja. Na mkokoteni ukiteremka mlima, mota hugeuka dainamo na kurudisha umeme. Kontrola inayoishia volti 27 haina nafasi hapo.

Ya kwanza: Cytron MDDS30

Inatoka Malaysia. Inabeba mota mbili, ampea 30 kila upande, kuanzia volti 7 hadi 35. Hizo volti 35 ndizo zilizonifanya niiweke juu, kwa sababu betri iliyojaa na mkokoteni unaoteremka haviifikii kwa urahisi. Unachomeka risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, moja kwa moja, bila kuandika programu hata mstari mmoja. Inajua kuchanganya amri yenyewe: wenzo ukisukumwa mbele mota zote zinakwenda, ukiulaza kushoto, mota ya kulia inazidi na mkokoteni unakata kona. Ina vitufe vya kujaribia mota hapo hapo kwenye bodi, na vitufe hivyo vimeniokolea saa nyingi, maana unajua papo hapo kama tatizo liko upande wa mota au upande wa rimoti.

Ya pili: Sabertooth 2x32

Hii ni ya Marekani: ampea 32 kila upande, kilele 64. Kwa ulaini wa mwendo sijaona inayoishinda. Mkokoteni unaondoka bila kushtuka, na maji hayamwagiki. Inarudisha umeme kwenye betri unapopunguza mwendo, na ina njia mbili za ziada unazoweza kufungia breki. Mpangilio unafanyika kwa swichi ndogo sita, au kwa kompyuta ukitaka zaidi. Imekuwa ya pili kwa bei tu: inapita dola 100 kabla ya usafiri na kodi, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 inakungoja bandarini. Ukiwa na ndugu anayerudi kutoka Marekani, mwambie akubebee, na iwe ndiyo ya kwanza kwako. Usichanganye na dada yake 2x25, ambayo mwisho wake kabisa ni volti 30. Kwa LiFePO4 ya volti 24, hapo umebana mno.

Ya tatu: BTS7960, bodi mbili

Hii ndiyo utakayoikuta kirahisi, kwa elfu moja na kitu kila bodi, na ndiyo iliyonifunza. Muuzaji aliniambia ni ya ampea 43, na ni kweli namba hiyo imo kwenye karatasi ya kiwanda. Ila 43 ni kiwango ambacho chipu hujizuia isiungue. Hakuna aliyesema itabeba hizo saa nzima ikiwa juu ya kibodi cha shaba nyembamba na kipande kidogo cha bati la kupozea. Mimi leo sipitishi ampea 10 kwa muda mrefu, na sizidishi volti 24 za betri ya asidi iliyotolewa kwenye chaja na kupumzika. LiFePO4 iliyojaa inapita kikomo chake cha 27.

Nilipoikuza namba ile kichwani, nilipakia mitungi sita na kupandisha kilima cha nyuma ya nyumba. Bodi moja iliungua. Kilichonitisha ni namna ilivyoungua: chipu zikiharibika mara nyingi hugandana zikiwa wazi, umeme unapita moja kwa moja. Mota ya kushoto ilikwenda kasi yote, rimoti nimeiachia, mkokoteni ukawa unazunguka duara na maji yake huku watoto wa jirani wamesimama hatua chache. Nilirukia waya wa betri nikauchomoa kwa mkono. Hakuna aliyeumia, na tangu siku hiyo sifungi kontrola yoyote kabla ya swichi ya kukata betri. Nitaieleza hapo chini.

Kwa mkokoteni mdogo wa kilo 50 au 60, kwenye sakafu ya saruji, BTS7960 inafaa. Utahitaji Arduino, bodi ndogo inayoandikiwa programu, kusoma risiva na kuzigawia bodi amri. Programu hiyo lazima ikague urefu wa mapigo: rimoti hutuma mapigo ya maikrosekunde 1000 hadi 2000, 1500 ikiwa ni kusimama, kama mara 50 kwa sekunde. Pigo likikosekana au likiwa nje ya kiasi, mota zizimwe. Programu nyingi zinazosambazwa bure hazina ukaguzi huo. Iongeze mwenyewe.

Kwa mwenye subira: bodi ya hovabodi

Hovabodi, ule ubao wa umeme wa magurudumu mawili unaosimamiwa, ikifa betri hupatikana kwa bei ya chini, na ndani yake una mota mbili za magurudumuni zisizo na brashi pamoja na kontrola yake ya volti 36. Ipo programu huria ya kuiandikia upya ili ipokee amri za rimoti, kwa kifaa kidogo kiitwacho ST-Link. Ukifaulu, umepata nguvu nyingi kwa pesa kidogo na mwendo wa kimya kabisa. Ila gurudumu lake ni dogo na halina gia, kwa hiyo mchangani linateseka. Kwa vichochoro vya Mji wa Kale vilivyotandikwa vizuri, ningeifikiria.

Kontrola za magari ya kuchezea, kama QuicRun 1060, zinastahimili maji, na ni nzuri kwa mota za waipa za volti 12 unazotoa kwenye gari bovu. Utanunua mbili. Hamisha kijumpa chake, kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili, ili irudi nyuma bila kupiga breki kwanza, la sivyo mkokoteni hautageuka sawasawa. Haipokei zaidi ya betri ya lithiamu ya seli tatu.

Bodi ya L298N iache kwa wanafunzi. Ni ampea 2, na kwa ampea hizo mbili inaweza kula hadi volti 4.9 kabla umeme haujafika kwenye mota. Kontrola za baiskeli za umeme za mota za brashi nazo ni rahisi na zina nguvu, lakini nyingi hazina rivasi.

Kuunga

Anza kwenye betri. Fyuzi ikae karibu na ncha ya chanya kadiri inavyowezekana, sentimita 15 ikikuwezekana, kwa sababu waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Kwa mfano wetu weka ya ampea 50, na iwe ya magari. Sakiti breka ya nyumbani imetengenezewa umeme wa stima, na kwa umeme wa betri inaweza kushindwa kuzima cheche yake.

Baada ya fyuzi iwepo swichi ya kukata betri, ile kubwa ya malori inayouzwa maduka ya spea. Ifunge ubavuni, nje, mahali ambapo mtu anayetembea anaifikia bila kuinama. Kile kitufe chekundu cha kupigwa kiganja hakifai kukata ampea 40 chenyewe. Kitumie kuzima kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, ya volti 24 yenye uwezo huo. Sambamba na swichi pitisha diodi nene, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, upande wenye mstari ukitazama betri, ili umeme unaorudi kutoka kwa mota upate njia hata swichi ikiwa imekatwa. Bila hiyo, ukikata kwenye mteremko volti hupanda na kontrola inaungua.

Kutoka betri hadi kontrola tumia waya wa milimita 6 za mraba, na wa milimita 4 kwenda kila mota. Uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, maana waya mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko. Chanya na hasi usizikosee hata mara moja. Kontrola nyingi hazitoi nafasi ya pili. Mimi huzikagua kwa mita kabla ya kukaza skrubu, kila siku, hata nilipoziunga mwenyewe jana.

Hasi ya risiva na hasi ya upande wa amri wa kontrola lazima ziwe moja. Brashi za mota hupiga kelele za redio, kwa hiyo lehemu kapasita ya 0.1 µF kati ya ncha mbili za kila mota, sokota waya zake mbili pamoja, na antena ya risiva iwe mbali nazo.

Jaribio la kwanza lifanyike magurudumu yakiwa hewani, mkokoteni umelazwa juu ya matofali. Washa rimoti kwanza, kontrola baadaye, na ukizima geuza mpangilio huo. Ukisukuma wenzo mbele na gurudumu moja likazunguka nyuma, badilishana waya mbili za mota yake, za betri usiziguse. Kisha, magurudumu yakiwa yanazunguka, zima rimoti. Yasiposimama, rudi kwenye mpangilio wa risiva, kwa sababu risiva nyingine hushikilia amri ya mwisho. Rimoti ya FlySky FS-i6 ina mahali pa kuipangia risiva ifanye nini mawimbi yakipotea. Ipange isimame.

Chumvi

Hapa kwetu kontrola nyingi huuawa na hewa. Ndani ya miezi michache shaba inageuka kijani, skrubu zinaota kutu, na panapokutana waya panapata joto. Tafuta waya wa boti, wenye nyuzi zilizopakwa bati. Mafundi wa mashua wanaujua. Bodi ipake vanishi ya sakiti, na usipoipata, rangi ya kucha isiyo na rangi, mradi usiguse konekta wala vitufe. Kasha lifungwe sawasawa, waya ziingilie chini, zikining'inia kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua ya masika yadondoke nje. Na kwa kuwa joto la Machi linapita nyuzi 32 kivulini, funga kontrola kwenye bamba la alumini ambalo ndilo ukuta mmoja wa kasha, upande usiopigwa na jua.

Unapokwenda kununua

Mjini hapa utapata BTS7960 na L298N bila shida. Nyingine utaagiza Nairobi, mtaa wa Luthuli, zikashuka na basi la usiku, au nje ya nchi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe bodi yenyewe na muiangalie pamoja: risasi iliyolehemewa ing'ae na isiwe na nyufa, njia za shaba za mota ziwe pana, bati la kupozea likamate chipu bila kucheza. Uliza kama atakubali kuirudisha ikifa siku ya kwanza, na jibu lake aliandike kwenye risiti. Na ya akiba usiisahau: ukichagua BTS7960 nunua tatu, mbili za kufunga na moja ya akiba. Ami anauza maji kila siku, na siku moja ya kungoja basi la Nairobi ni siku moja bila chakula cha jioni nyumbani kwake.