Tiba ya kula na kusema nyumbani: uzoefu wangu, na pesa ilikokwenda

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikiitaja habari hii mbele ya akina mama wenzangu. Ziara moja ya mtaalamu wa tiba ya kula na kusema hapa kwetu Tabata, Dar es Salaam, ilizidi kidogo mshahara wa nusu mwezi wa dada anayenisaidia kazi, na bima yetu haikuchangia hata senti. Ni pesa nyingi. Ukidhani kwa pesa hiyo mtu atakuja, atajifungia na mtoto saa nzima, kisha akukabidhi mtoto anayekula na kusema, utalia. Sehemu kubwa ya saa ile ilikwenda kutufundisha mimi, bibi yake mtoto na dada. Mwanzoni nilinung'unika moyoni: mwenye shida ni mtoto, mbona darasa ni letu? Leo nikiulizwa nimenunua nini, nitasema nimenunua hilo darasa.

Mwanangu alizaliwa na wiki 30. Alianza maisha kwa kulishwa maziwa kwa mpira uliopitishwa puani, na watoto waliopitia hayo mara nyingi hubaki na hofu ya chochote kinachosogea karibu na uso wao. Mdomo wake ulichokonolewa kabla haujajua raha ya kunyonya. Alipokaribia miaka miwili bado alikuwa mtoto wa blenda: uji wa lishe, ndizi na nyama vilivyosagwa mpaka vikawa kama rangi ya ukuta, na maziwa mengi. Punje moja ya wali ikipenya, alijikunja na kutapika vyote. Maneno yake yalikuwa "mama", "tata" kwa kila mwanamume, na kidole cha kuonyeshea.

Kliniki tulishakwenda. Huko alilia kuanzia mlangoni, mdomo hakufungua, tukalipa tukarudi. Nyumbani alikula mbele ya mtaalamu siku ile ile ya kwanza, vibaya kama alivyokula kila siku, na huo ubaya ndio uliokuwa unatakiwa kuonekana.

Mtaalamu wetu ni mwanamke mdogo kwangu kiumri, alisomea Makerere, chuo cha Uganda kilichoanzisha shahada ya fani hii mwaka 2008. Hapa nchini watu wa kazi hii bado ni wachache, ndiyo maana tulisubiri sana kupata nafasi na ndiyo maana bei haina wa kuishusha. Kabla hajaja aliomba video fupi ya mtoto akila, na majibu ya kipimo cha kusikia. Majibu hatukuwa nayo. Akasema upande wa kusema hataugusa mpaka masikio yapimwe: mtoto njiti aliyekaa wodini, akapata manjano, akachomwa sindano za antibayotiki ya jentamaisini, ana sababu zaidi ya moja ya kupungukiwa usikivu, na mazoezi ya kutamka hayamfai asiyesikia. Kipimo chenyewe ni kidude kidogo kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala. Masikio yalikuwa salama. Hapo nilimpa alama zake za kwanza, kwa sababu angeweza kuanza kuchukua pesa yangu bila kuuliza chochote.

Siku ya kwanza alimwamkia bibi, akavua viatu, akakaa sakafuni na kutazama dada anavyomlisha. Mtoto alipakatwa, kichwa nyuma, katuni kwenye simu mbele ya macho, kijiko kinaingia hadi koo halafu kinakwanguliwa kwenye ufizi wa juu ili uji ubaki ndani. Ndivyo watoto wengi wa mji huu wanavyolishwa. Hakumgombeza mtu. Alituomba sisi watu wazima tukae vile vile, vichwa nyuma, tulishwe uji na mwenzetu. Bibi alipaliwa kijiko cha pili. Sijaona somo fupi kuliko lile.

Kitu cha kwanza kubadilishwa kikawa kiti. Miguu ya mwanangu ilikuwa inaning'inia, na mtoto anayehangaika asianguke hana nguvu ya ziada ya kupeleka kwenye taya na ulimi. Kigoda cha jikoni kikawekwa chini ya nyayo, khanga mbili zikakunjwa na kushindiliwa ubavuni, magoti na nyonga vikakaa pembe mraba. Hakuuza kiti, ingawa nilikuwa tayari kununua. Kijiko kikawa kidogo na bapa, kinawekwa juu ya ulimi, kinasubiri mdomo wa juu ushuke wenyewe, kinatoka. Kusubiri huko ndiko kulikotushinda wiki za mwanzo, hasa mimi ninayewahi daladala. Chupa yenye chuchu ikaondolewa, na badala yake mtaalamu akachagua kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa mtaani: kinaingia kwenye kiganja cha mtoto, na hata akimwaga chote, kilichomwagika ni kidogo.

Simu nayo ikaondoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, linataka mtoto wa mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Bibi akauliza, "Sasa atakula akiangalia nini?" "Atuangalie sisi tukila, bibi." Kwetu watoto walikuwa wanalishwa mapema ili wasisumbue, watu wazima wanakula baadaye. Kwa hiyo mwanangu alikuwa hajawahi kumwona mtu akitafuna kwa karibu. Tuliposogeza sinia la familia hadi alipo, alitukodolea macho siku nyingi kabla hajaunyoosha mkono.

Kuhusu chakula, nilitarajia orodha ya vitu vya supamaketi. Alitaka ugali. Ugali haumwagiki wala hautawanyiki mdomoni, na mtoto anaufinyanga mwenyewe, kwa hiyo vidole vinazoea kabla ya ulimi. Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama ambayo bibi anaiamini kuliko dawa yoyote kwa kuwa ametoka Marangu, Uchagani, ukaahirishwa. Bibi hakufurahi. Lakini maelezo yalikuwa na akili: majimaji yenye vipande ndani ni kazi ngumu kuliko kitu kigumu kimoja, maana ulimi unatakiwa kumeza kimoja na kukizuia kingine kwa wakati mmoja. Tukaenda hivi: uji mzito zaidi ya jana, boga na viazi vya kupondwa kwa uma, kisha vijiti vya parachichi na viazi vitamu vinavyowekwa pembeni mwa meno ili ulimi ulazimike kuhama kwenda ubavuni. Blenda ilipanda juu ya kabati. Maziwa yalipunguzwa hadi nusu lita kwa siku, maana tumbo lililojaa maziwa halina sababu ya kujifunza kutafuna, na damu ya mtoto wa maziwa matupu huwa inapungua.

Kabla ya kula kulikuwa na kugusa, kunusa, kulamba, kutema. Kutema kuliruhusiwa! Alituambia chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonekana mezani mara kumi, hata kumi na tano, kabla mtoto hajakikubali, na kwamba kila tukimlazimisha tunarudi nyuma. Unga wa chapati ulichezewa sana. Nyumba ilichafuka. Nasema hili kwa wenye mazulia.

Sehemu niliyoithamini kuliko zote ni tofauti ya kutaka kutapika na kukabwa. Mtoto anayetaka kutapika anatoa sauti, anakohoa, uso unakuwa mwekundu, na mara nyingi anajimudu mwenyewe. Ukimrukia na kumtia kidole unaweza kukisukuma kipande ndani zaidi. Anayekabwa yuko kimya, hakohoi, hatoi pumzi. Alitufundisha sote watatu la kufanya: aliye chini ya mwaka, vipigo vitano mgongoni na misukumo mitano kifuani, aliyezidi mwaka, vipigo mgongoni na misukumo ya tumbo. Tulifanyia mazoezi kwenye mwanasesere. Karanga nzima, bisi na zabibu nzima zikafutwa kwenye nyumba yetu, na soseji ikikatwa inakatwa kwa urefu. Dada akiacha kazi kesho, ujuzi huo anaondoka nao, na sioni hasara.

Upande wa kusema mambo yalikwenda polepole zaidi, na ninayeandika tathmini lazima niseme hivyo. Hakuna mashine wala kadi za picha. Kuna kunyamaza. Unashika kikombe, unamtazama, unahesabu kimoyomoyo hadi kumi, unampa nafasi. Sisi tulikuwa watu wa "sema maji! sema! haya sema!", na yeye alikuwa anageuza shingo. Amri zikakatazwa. Badala yake unachagulisha, "embe au ndizi?", na chochote atakachotoa unakipokea na kumwongezea kimoja: akisema "maji", unajibu "maji baridi". Vitenzi alivyotuchagulia vilikuwa vifupi na vyenye faida ya papo hapo: lete, toa, kata. Mtoto akisema "toa" na kitu kikatoka, ameona faida ya kusema. Mtoa huduma mwingine tuliyezungumza naye awali alitaka tununue filimbi na vifaa vya kupuliza vya kuimarisha mdomo. Huyu wetu alisema kupuliza filimbi kunamfundisha mtoto kupuliza filimbi.

Palikuwa na mvutano kuhusu udata, yaani ulimi kushikwa kwa chini. Ndugu karibu wote walitaka mtoto akatwe chini ya ulimi, na mjomba mmoja akaongeza kimeo. Mtaalamu alimwonyesha bibi ulimi unavyonyanyuka na kulamba asali juu ya mdomo, akasema ulimi huu hauna tatizo, na kwamba udata mara chache ndio unaomzuia mtoto kusema. Kuhusu kimeo alikuwa mkali: kukata kimeo mtaani ni kutafuta damu kuvuja na maambukizi, na kimeo hakihusiani na kuchelewa kusema. Bibi alikubali. Mjomba bado. Kuna pia mwalimu wa shule ya awali alitushauri tuzungumze Kiingereza pekee ili tusimchanganye mtoto. Mtaalamu akasema lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema, bibi aendelee na Kichaga chake na sisi Kiswahili chetu.

Malalamiko ninayo. Ripoti ya kwanza ililetwa kwa Kiingereza, kurasa nzima, wakati anayekaa na mtoto mchana ni bibi na dada. Nilidai, ikaletwa karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro, ipo kwenye friji hadi leo. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Barabara ya Mandela ilituibia muda mwingi, na dakika za foleni hazirudishwi. Huduma inauzwa kwa fungu la ziara unalolipia kabla, na mtoto akiamka na homa asubuhi unapoteza ziara kama hukutoa taarifa jana yake. Homa haitoi taarifa jana yake. Kuna wakati pia aliletwa msaidizi bila sisi kuambiwa, na mwanangu akafunga mdomo saa nzima. Nililipa.

Na kuna watoto ambao nyumbani hapatoshi. Mtaalamu mwenyewe alilisema hilo kabla hajapokea malipo. Mtoto ambaye sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, anayekohoa kila mlo, anayerudiwa na nimonia au anayepungua uzito, anatakiwa hospitali yenye eksirei ya kuangalia anavyomeza, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye njia ya hewa bila mtu kuona. Ukipata mtu wa nyumbani ambaye hakuulizi hayo, mshukuru umuage.

Vilevile kama nyumbani hakuna mtu wa kuendeleza kazi baada ya mtaalamu kuondoka, usinunue. Nina rafiki alinunua fungu zima huku mtoto anashinda kwa mlezi wa jirani ambaye hakuwahi kuitwa kwenye ziara hata moja, pesa ilikwenda. Bora kuomba ziara chache, uite wote wanaomshika mtoto huyo, na katikati utume video na kujibiwa kwa sauti za WhatsApp. Huduma hiyo ya video ipo, bei yake ni nafuu, na kwa upande wa kula ilitusaidia karibu sawa na ziara.

Sasa mwanangu anakula wali kwa mchuzi mzito, ugali, samaki aliyechambuliwa, chapati ya kung'ata mwenyewe. Mchicha anautema. Mtori umerudi, na bibi anajua ni ushindi wa nani. Maneno yameongezeka na ameanza kuunganisha mawili, "baba toa", "maji lete", ingawa ukimtolea zile wiki 10 za kuzaliwa mapema bado yuko nyuma ya wenzake. Tumebaki na ziara moja kwa mwezi. Tunachofanyia kazi sasa ni nyama isiyosagwa. Sauti ya "k" bado inamtoka "t", kwa hiyo kuku ni "tutu". Tumeambiwa tusihangaike nayo kwa umri huu, ila sisi tuendelee kutamka "kuku" vizuri akisikia. Bibi anamwitikia "tutu" kila siku. Amekatazwa kwa heshima zote na hajaacha.