Mziki wa Altezza: nunua nini kwanza kabla hujakimbilia skrini

Altezza ya Toyota ni gari tamu kuendesha, hasa ile RS200 yenye injini ya Beams 3S-GE na gia sita za mkono, ila mziki wake wa kiwandani ni wa mwaka 1998 na unasikika hivyo hivyo. Wengi tukishaitoa bandarini tu safari ya kwanza ni Kariakoo kutafuta skrini kubwa ya Android, wiki mbili hazijaisha mtu anaanza kulalamika besi haipo. Mimi nimepita njia hiyo hiyo kwa hiyo sikucheki. Mpangilio wangu naupanga kwa kitu ambacho hela yako utaisikia masikioni, sio kile kinachopendeza ukipiga picha dashbodi usiku.

Tuanze na kwa nini redio ya Kijapani inasumbua huku. Kule kwao FM ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90, sisi tunatumia 87.5 mpaka 108, kwa hiyo ukiwa Dar unaambulia kile kipande kidogo kinachoingiliana, Wasafi ya 88.9 inakuja safi lakini EFM ya 93.7 sahau. Na kama gari lilikuja na navigesheni ndo kabisa, siku ukichomoa betri tu linakuandikia Kijapani chako hapo kwamba weka diski ya ramani, diski yenyewe ilibaki Japan, basi skrini imegeuka pambo.

Sasa namba moja kwangu ni spika za milango ya mbele. Sio za nyuma, za mbele. Chukua inchi sita na nusu zile za komponenti, yaani twita yake, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, iko pembeni peke yake unaipandisha juu karibu na kioo, sauti inatoka usawa wa uso badala ya kwenye goti. Kama bajeti haitoshi zile za koaksho zenye twita katikati sio mbaya. Muuzaji atakuonyesha boksi limeandikwa wati 500, hiyo namba iache kama ilivyo, geuza boksi utafute RMS, yaani wati halisi za muda wote, na utafute desibeli, yaani spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile. Ukiwa huna amplifaya chukua yenye desibeli 90 au zaidi maana kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuidabo nguvu ya redio, yaani spika ya 91 na wati 15 inakwenda sawa na ya 88 iliyopewa wati 30. Na iwe omu 4, huo ni ukinzani wake wa umeme.

Pamoja na spika nunua shiti za butili, mpira wa kunata, zile nyeusi zenye foili upande mmoja. Watu wanaziruka hizi kwa sababu hazionekani, ila mlango wa gari ni bati lenye matobo, spika ikipiga mbele sauti ya nyuma yake inapitia kwenye matobo inakuja kuiua ile ya mbele. Ziba matobo, bandika na kwenye bati la nje kwa ndani, acha tu njia za maji chini ya mlango zisizibwe usije ukafuga kutu. Na Altezza nyingi za mtaani zimeshabadilishwa masafla, ule mlio unakula besi za katikati, kwa hiyo kwenye gari hili butili ina kazi kuliko kwenye IST ya mtu.

Hapa nisimulie kisa changu. Mimi nilinunua skrini kwanza, nikampa fundi mmoja afunge na spika mpya kwa pamoja, akakata soketi ya Toyota akaunga waya kwa kuviringisha na tepu. Besi ikapotea kabisa, nikaitukana skrini miezi mitatu. Kumbe spika ya kulia chanya na hasi zimegeuzwa, moja inasukuma nje wakati mwenzie anavuta ndani, zinauana. Ukitaka kujua kama na wewe yamekukuta hamisha balansi yote upande mmoja, ukiona besi inaongezeka badala ya kupungua basi moja imegeuzwa. Tangu hapo nafunga mwenyewe.

Namba mbili ni redio ya kawaida ya kampuni inayoeleweka, Pioneer, Kenwood, Sony, yenye blututhi na USB, hata kama ni DIN moja, yaani ile nyembamba, na sio dabo yenye kimo mara mbili. Itakupa FM yetu yote na ekwalaiza ya maana. Zile DIN moja fesi yake nyingi inachomoka unaondoka nayo mfukoni, na kwa vibaka wetu hiyo ni pointi kubwa aisee. Ile MOSFET 50W x 4 iliyoandikwa mbele ni ya kilele, wati halisi kwa kila spika ni kama 14 mpaka 22 hivi, ndo maana nikasema desibeli. Hakikisha ina matundu ya RCA nyuma, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya, hata kama leo huna amplifaya kesho utaitaka.

Kuifunga sio kazi ya kutisha. Nafasi ya Toyota ni milimita 200 kwa 100 wakati dabo din ya kawaida ni 180 kwa 100, kwa hiyo omba na vile vibawa vya plastiki vya pembeni, milimita 10 kila upande, la sivyo utabaki na mianya. Nunua na soketi ya adapta ya Toyota, ile ya pini 10 na ya pini 6, bei yake ni ya kawaida sana na inakuepusha na mkasi. Ya pini 10 ina umeme na spika za mbele, ya pini 6 ni spika za nyuma. Kama soketi yako ilishakatwa na mtu kama yangu, kwenye Toyota za miaka hiyo bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa muda wote, kijivu ni wa swichi, kahawia ni athi, ila pima kwa mita kwanza maana huwezi jua nani alishapita humo. Na chomoa hasi ya betri kabla hujagusa chochote.

Namba tatu, amplifaya ndogo ya chaneli 4. Utakutana na zimeandikwa wati 5000 na fyuzi yake moja ya 30. Fanya hesabu tu, ampia 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia, sasa hizo 5000 zinatoka wapi? Waya wa umeme ukwangue kwa kisu, ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, achana nao. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, isizidi kama sentimita 45, sababu waya ukichubuka kwenye bodi bila fyuzi gari linaungua. Waya wa umeme upite upande huu, RCA upande ule, vinginevyo utasikia alteneta inalia kwenye spika kila ukikanyaga mafuta.

Sabufa ni namba nne, na kwa Altezza moja ya inchi 10 inatosha kabisa, buti lenyewe unalihitaji.

Skrini ya Android nimeiweka ya tano najua mtanipinga. Ramani nzuri, video nzuri, kamera ya nyuma nzuri, sauti ndo hamna, nyingi zina amplifaya dhaifu na makelele ya chinichini. Ukiitaka lazima basi achana na zenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1 au 2, na usiamini kilichoandikwa kwenye mipangilio maana RAM hata hiyo wanaifoji, waambie waiwashe dukani palepale ufungue ramani huku mziki unapiga, ikianza kukwama rudisha.

Mwisho kabisa ekspenda ya FM, kile kiboksi kinachokaa kati ya antena na redio ya kiwandani. Ya megahezi 12 inaishusha EFM unaipata kwenye 81.7, ila dirisha lako linakuwa 88 mpaka 102 tu, stesheni za juu ya hapo huzioni, na blututhi bado huna. Kama gari unaliuza mwezi ujao weka hiyo, milango ataanza nayo mnunuzi.