Taa za ukungu za kujifungia mwenyewe: taa nzuri, wairingi ya kuunguza gari

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Seti hii inauzwa kwa sisi tunaopenda kuongeza kitu kwenye gari la kawaida la familia bila kulipeleka gereji: taa mbili za ukungu za halojeni, vishikio, swichi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kuwasha mzigo mkubwa), na wairingi nzima ikiwa imeshazungushiwa tepu. Unaambiwa ni kuchomeka tu. Haikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Holda ya fyuzi imeyeyuka, na fyuzi yenyewe imo ndani, nzima.

Huo uzima wa fyuzi ndio unaoeleza kila kitu. Mguu mmoja wa fyuzi umebadilika rangi, bluu ikiingia kwenye kahawia. Plastiki ya upande huohuo imelainika ikaing'ang'ania fyuzi hadi haitoki kwa mkono, na ganda la waya linalofuata limekuwa gumu kama kijiti. Mguu wa pili unang'aa kama wa dukani. Ingekuwa shoti, au taa zingekuwa zinavuta umeme kupita kiasi, fyuzi ingekatika. Kilichotokea ni kibano cha kushika mguu wa fyuzi kilicholegea ndani ya holda. Taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 zinavuta ampea 9 na kidogo. Kibano kikiwa na ukinzani wa ohm 0.1 tu, hapo pana joto la wati 8 linalozaliwa ndani ya kipande cha plastiki kisichozidi ukucha wa dole gumba, muda wote taa zinapowaka. Fyuzi haioni joto hilo kuwa kosa, kwa sababu umeme unaopita ni uleule wa kawaida.

Nikawaandikia wauzaji, nikaambatanisha picha, nikaeleza wazi kwamba fyuzi haikukatika. Jibu: "Ndugu mteja, tatizo ni fundi wako. Weka fyuzi ya 30."

Fyuzi ya ampea 30! Fyuzi inawekwa kulinda waya, hailindi taa. Ile ya 20 waliyoweka wao tayari ni kubwa mno kwa mzigo wa ampea 9 uliopitishwa kwenye waya mwembamba kiasi kile. Ya 15 ingetosha kabisa. Ukiweka ya 30, siku waya ukichubuka kwenye ukingo wa bodi, waya ndio utakaowaka kwanza, na fyuzi itakuwa inatazama. Wanamwambia hivyo mtu ambaye gari lake linabeba watoto kila asubuhi. Nimewajibu kwa adabu mara moja, mara ya pili sikuweza.

Baada ya jibu hilo nikaifungua wairingi yote, na ingefaa kila aliyenayo afanye hivyo. Ganda ni nene, ukishika unadhani umeshika waya wa maana. Ndani kuna nyuzi chache. Kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu: juu rangi ya shaba, chini nyeupe. Hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi ya unene uleule. Ikunje mara kadhaa inakatika, na mtikisiko wa injini ndio unaoikunja kila siku. Waya wa ethi ni mwembamba zaidi, ingawa umeme unaokwenda kwenye taa ndio huohuo unaorudi.

Niseme ukweli kuhusu upande mzuri, maana upo. Taa zenyewe ni nzuri. Lenzi ni ya kioo, mpira wa nyuma unaziba maji vizuri, na mwanga una mstari safi juu, hauwamwagii macho wanaokuja mbele. Vishikio ni chuma kinene na matundu yake ni ya mviringo mrefu, unasogeza taa hadi ikae sawa nyuma ya bampa. Kwa hiyo nilikuwa tayari kusema: nunua, tupa wairingi, tengeneza yako. Namna yenyewe ni hii.

Toa kwanza waya hasi wa betri. Tumia waya wa gari wa shaba halisi, milimita za mraba 2.5, kutoka betri hadi rilei na kutoka rilei hadi kwenye taa. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na betri, isizidi sentimita 20 kutoka kwenye chanya. Kipande chochote kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Seti hii imeiweka fyuzi baada ya rilei, karibu na taa, yaani njia yote ndefu ya injini iko wazi. Rilei: mguu ulioandikwa 30 upokee umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 uende kwenye taa, 85 ethi, 86 utoke kwenye swichi. Swichi ichukue umeme kwenye mstari wa taa ndogo, ili ukizima taa za gari na hizi zizimike. Koili ya rilei, yaani upande wake unaoamriwa na swichi, haifikishi hata nusu ampea, kwa hiyo hapo waya mwembamba hauna shida. Ifunge rilei miguu ikitazama chini, maji yasituame.

Vile viunganishi vya kubana vya plastiki ya bluu vilivyomo kwenye kifurushi, tupa. Kile kipande chake cha chuma hukata baadhi ya nyuzi za waya wa gari, kisha unyevu unaingia taratibu na kutu ya kijani inafuata. Bana teminali kwa koleo lake maalumu, uvute kwa nguvu kuona kama inashika, ndipo uvalishe mpira unaosinyaa kwa moto. Ethi ya kila taa iende kwenye bodi: kwangua rangi hadi chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, paka grisi juu. Waya unaoingia ndani ya gari upite kwenye mpira, usigusane na chuma kitupu, na kila kitu kikae mbali na ekzosi. Ndani ya dashibodi, usiguse plagi za njano; kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa.

Kisha pima. Injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa, weka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya taa. Inachoonyesha ni volti zinazopotea njiani; wairingi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.5. Hii ya kwao ilionyesha zaidi ya volti 2, na hapo plastiki ilikuwa bado haijayeyuka. Kwa halojeni, volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Ndiyo maana wengi wanalalamika kwamba taa hizi ni hafifu. Si hafifu, zimenyimwa umeme.

Kwa hayo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota 3 kati ya 5. Lakini nimelisoma tena lile jibu lao nikiandika hapa, na nyota 2 ninaziondoa. Anayenunua seti ya "kuchomeka tu" ni yule asiye na mita wala koleo la kubania, na huyo ndiye atakayefuata ushauri wa fyuzi ya 30. Siwezi kumwambia mtu kama huyo anunue eti kwa sababu lenzi ni ya kioo. Asinunue.

Kama tayari unayo na imefungwa kwenye gari, ing'oe fyuzi leo, kabla hujaegesha karibu na nyumba. Angalia miguu yake yote miwili. Ukiona mmoja umebadilika rangi, usiirudishe hata kama taa zinawaka.