Piki ya gitaa isiyozunguka mkononi: niipendayo, zinazofuata na za kuacha

Wapiga gitaa wanaoniandikia wana kilio kimoja: nyimbo chache tu za kwanza, jasho limeshashuka, piki, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi, imeanza kuzunguka. Haidondoki, inageuka kidogo kidogo mpaka bega lake la mviringo ndilo linalogusa nyuzi badala ya ncha. Sauti inafifia, na mpigaji anahangaika na vitufe vya amplifaya huku akimlaumu fundi mitambo.

Kwa hiyo unene na sauti muulize muuzaji, maana hayo kayakariri. Mimi naangalia pale gumba na kidole cha shahada vinapokutana.

Namba moja, tena napendelea bila haya, ni Nylon Max-Grip ya kampuni ya Dunlop. Ina vijituta pande zote mbili, na vimefinyangwa na nailoni yenyewe, havikuchapwa juu yake, kwa hiyo jasho haliviondoi. Sehemu ya ncha imeachwa laini ili isikwaruze nyuzi. Rithimu, anza na unene wa milimita .73; solo, jaribu 1.0. Anayependa kuigeuza makusudi apigie bega ataiona kaidi kidogo. Avumilie.

Inafuata Tortex, ya Dunlop hao hao, iliyotoka mwaka 1981. Ilikuja kuziba pengo la gamba la ng'amba lililokuwa likitengenezewa piki; huyu ni kasa ambaye biashara yake ya kimataifa ilibanwa miaka ya 1970 na CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea walio hatarini. Ndiyo maana piki hii imechorwa kasa. Rangi inakuambia unene: njano .73, kijani .88, zambarau 1.14. Ikiwa mpya uso wake ni mkavu, haung'ai, inashikika vizuri. Ila itazame baada ya muda: kasa amefutika palepale gumba linapokaa, na hapo pameanza kuteleza. Chukua msasa laini, chora mistari ya kukatana pande zote mbili, usiguse ncha. Itarudi kazini.

Jazz III ya nailoni ni ndogo na ngumu, milimita 1.38, na herufi zake zilizoinuka zinasaidia kushika. Ya wapiga solo. Kwa rithimu ya usiku kucha kidole kitakuwa kinagonga nyuzi.

Za seluloidi, plastiki ya kizamani, zile Fender 351 za kung'aa, nazipenda kwa sauti, na bado naziweka chini. Jasho na uso unaong'aa havipatani.

Za bei ya karanga zisizo na jina? Afadhali ukate piki yako kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda.

Sasa hawa wauzaji. Max-Grip huja pakiti ya piki 12, unene umeandikwa. Mtu anaifungua, anamwaga kwenye kopo pamoja na za bandia, anauza mojamoja kwa bei ambayo ukiizidisha mara 12 unapata karibu pakiti mbili. Ukiuliza unene unajibiwa, “Ya kati hiyo, kaka.” Duka moja la Kariakoo lilinikatalia hata kuishika kabla ya kulipa! Usikubali. Pitisha ukucha juu ya jina na namba: kwenye Max-Grip ya kweli vimeinuka. Kisha lowanisha vidole, ibane kama unapiga, isukume ncha kwa mkono wa pili. Ikizunguka, irudishe kwenye kopo lake.