ZBook 15 G5 ya mtumba na DaVinci Resolve: miezi minane ya kuhariri harusi na mazishi Kisumu

Anayepiga picha za mazishi Siaya siku ya Ijumaa na za harusi Kisumu siku ya Jumamosi huonekana kazini kwa siku mbili tu, lakini wiki nzima inayofuata huimaliza mbele ya kompyuta, huku jamaa walio ng'ambo wakipiga simu kuuliza video imefikia wapi. Kwa sababu hiyo kompyuta ndicho kifaa ninachokikagua kwa ukali zaidi kuliko hata kamera. Tathmini hii inahusu HP ZBook 15 G5 niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na programu ninazozitumia ndani yake.

Kwanza nieleze kosa lililonifikisha hapa. Kipakatalishi changu cha awali nilikinunua katika duka moja la mjini. Kilikuwa na kibandiko cha Core i7, na muuzaji alikigonga kibandiko hicho kwa kidole kana kwamba mjadala umekwisha. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba prosesa yenyewe, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa i7-7500U, ambayo ina viini viwili tu (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), ilhali i5-8250U ya kizazi kilichofuata, ambayo wengi huidharau kwa sababu ya jina lake, ina viini vinne. Aidha, prosesa za kizazi cha saba, isipokuwa chache sana, hazimo katika orodha ya zile zinazokubalika rasmi kwa Windows 11, na Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nilikuwa nimelipia jina.

Safari ya pili nilikwenda dukani na kadi yangu ya kumbukumbu mfukoni. Ndani yake niliweka picha 40 za RAW (faili ghafi za kamera), kipande cha video ya Full HD na kingine cha 4K, vyote kutoka katika kamera ninayoifanyia kazi, na nikaomba niruhusiwe kuvifungua kabla ya kuzungumzia bei. Duka la kwanza lilikataa, nami nikaondoka. Duka la pili, lililo karibu na Barabara ya Oginga Odinga, liliniwekea kiti. Niliendesha amri ya powercfg /batteryreport ili kulinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki, nikahakikisha aina ya prosesa na kiasi cha RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) katika mipangilio ya Windows, kisha nikaacha video ya 4K icheze kwa dakika kumi huku nikiusikiliza feni. Baada ya hapo ndipo tulipopatana kwa shilingi 62,000.

Mashine niliyoipata ina prosesa ya i7-8750H yenye viini sita, kadi ya grafiki ya Quadro P1000 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 4, RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, ya gigabaiti 512. Kilichonivutia zaidi si prosesa bali nafasi zilizomo ndani: kuna nafasi nne za RAM, na kuna mahali pa kuongeza diski nyingine. Mwezi uliofuata niliongeza RAM nyingine ya gigabaiti 16, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa sasa ninaweza kuacha programu ya picha ikiwa wazi na kuendelea na video bila mashine kuganda.

Kuhusu diski, hesabu inafaa ifanywe kabla ya kununua. Kamera yangu hurekodi Full HD kwa megabiti 50 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), yaani takriban gigabaiti 22 kwa saa. Mazishi ya saa tano yanayorekodiwa kwa kamera mbili hufikia gigabaiti 225 au karibu na hapo, na kwa hivyo SSD ya gigabaiti 512 hujaa kabla ya tukio la tatu. Wauzaji hupenda kusema kwamba diski ya kizamani inayozunguka haiwezi kabisa kucheza video ya HD, jambo ambalo si kweli, kwani megabiti 50 ni megabaiti sita na ushei tu kwa sekunde, na diski hiyo huzisoma bila taabu. Inapolemewa ni pale programu inaporukaruka kati ya vipande mia moja huku ikiandika mafaili yake ya muda. Kwa hiyo mimi huweka mfumo, programu na kazi inayoendelea kwenye SSD, na kazi zilizokamilika huzihamishia kwenye diski mbili za nje, moja ikikaa nyumbani na nyingine kwa dada yangu Kondele.

Sasa programu. Kwa video nimeegemea DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, katika toleo lake la bure. Toleo hilo halibandiki nembo juu ya video na hutoa faili la mwisho hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, kiwango ambacho wateja wangu wengi hawajawahi kukiomba. Zana zake za kurekebisha rangi ndizo zilizonishika. Katika hema la mazishi, turubai la buluu huzigeuza nyuso za waombolezaji kuwa za kijivu, na katika Resolve ninaweza kuitenga rangi ya ngozi peke yake na kuirudishia joto lake bila kuigusa suti nyeupe ya mchungaji. Nilijaribu kazi hiyohiyo katika Shotcut, programu nyingine ya bure, na ingawa Shotcut ni nyepesi zaidi na inafaa sana kwa mashine dhaifu, ilinichukua muda mrefu kupata matokeo ya chini.

Toleo la bure lina mipaka yake. Kifaa cha kuondoa chembechembe katika video zilizopigwa gizani kimo katika toleo la Studio pekee, ambalo bei yake rasmi ni dola 295 zinazolipwa mara moja. Anayerekodi mikesha ya usiku ataukosa uwezo huo. Vilevile, anayefikiria kutumia Linux, mfumo wa bure, ili kukwepa gharama ya Windows ajue kwamba huko toleo la bure halifungui video za H.264, ambayo ni kodeki, yaani njia ya kubana video, na hizo ndizo zinazotoka katika kamera nyingi tulizo nazo.

H.264 yenyewe ndiyo inayowachanganya wengi. Mtu hushangaa kwamba filamu hucheza vizuri katika kompyuta yake, lakini video yake mwenyewe hukwamakwama anapoihariri. Sababu ni kwamba kodeki hiyo haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja ya video, kwa ukamilifu. Fremu nyingi huandika tu kilichobadilika kutoka kwa jirani zake. Ukicheza kwenda mbele moja kwa moja, mashine haisumbuki, lakini ukiruka nyuma na mbele, kila unaposimama italazimika kuzijenga upya fremu kadhaa ili ikuonyeshe moja. Dawa yake ni proksi, yaani nakala ndogo zilizo rahisi kusoma, ambazo Resolve huzitengeneza yenyewe na kurudi kwenye video halisi wakati wa kutoa faili la mwisho. Kwa Full HD sizihitaji katika ZBook hii. Kwa 4K, ambayo ina pikseli mara nne, huziacha zitengenezwe usiku.

Kwa picha ninatumia darktable, ambayo ni ya bure na haiharibu faili la asili. Lightroom, programu ya picha ya kulipia ya Adobe, ni rahisi kujifunza na inachambua mamia ya picha kwa haraka zaidi, nakiri hilo, lakini malipo yake ya kila mwezi hayasubiri msimu wa harusi urudi. Nakala zilizovunjwa kufuli, ambazo baadhi ya maduka humwekea mnunuzi kama zawadi, nilizifuta siku ileile. Sitaki programu nisiyoijua ilikotoka ikae pamoja na picha za watu.

Udhaifu mkubwa wa mashine hii ni skrini. Modeli hii iliuzwa ikiwa na skrini za aina mbalimbali, nami nilipata ile hafifu, ambayo hufifisha rangi nyekundu. Gauni za wasimamizi wa harusi ya kwanza zilitoka kwa mchapishaji zikiwa zimekolea mno, na nililipia uchapishaji wa pili. Baadaye nilinunua skrini ya nje ya inchi 24 ya IPS, aina inayoonyesha rangi vizuri, na rangi zote sasa huziamua hapo.

Betri hainifikishi saa mbili ninapohariri, ingawa umeme ukipotea Milimani hunipa nafasi ya kuhifadhi kazi. Kompyuta ya mezani ingenipa nguvu zaidi kwa bei hiyohiyo, lakini ingedai UPS, yaani betri ya akiba umeme unapopotea. Aliye na kamera inayorekodi 4K ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ningemwelekeza kwenye MacBook Air ya M1 yenye gigabaiti 16, mradi akumbuke kwamba RAM yake haiongezwi kamwe. Mimi nitabaki na ZBook, pamoja na chaja yake nzito kama tofali.