Duka la rangi lililonichorea mstari sebuleni

Rangi yenyewe sina ugomvi nayo. Acha niseme mapema, maana nikishaanza kuwazungumzia hawa watu sijui kama nitakumbuka kuisifu. Ni buluu-kijani iliyokolea kabisa, na niliitaka ukuta wa nyuma ya sofa. Shemeji alinionya kwamba sebule itageuka pango. Haikugeuka. Mchana jua la Kisumu likiingia, buluu ndiyo inayotamba. Usiku, balbu ya manjano ikiwaka, kijani kinajitokeza. Wageni hunyamaza kwanza, halafu wanasifu.

Sasa duka. Hadwea moja hapa mjini, ile ya kuchanganya rangi kwa mashine. Kijana wa kaunta alipiga hesabu yake akaapa lita nne zingetosha. Wapi! Rangi nzito hivi haina ile nyeupe ya kufunika, kwa hivyo krimu ya zamani ilikuwa bado inachungulia hata baada ya koti ya pili. Katikati ya koti ya tatu mkebe ukaisha, karibu na swichi. Nikamtuma mtu wa boda na kifuniko cha ule mkebe, ili wasibahatishe.

Wakabahatisha. Fundi alipopaka niliona tofauti, nikajituliza kwamba emalshoni, hii rangi ya maji ya ukutani, huiva ikikauka. Ilikauka. Kuanzia swichi hadi dirishani ukuta umepauka kama sare ya shule mwisho wa muhula, na mstari umesimama wima, unaweza kuufuata kwa kidole.

Nilibeba vifuniko vyote viwili hadi dukani. Vibandiko vina jina lilelile la rangi, namba ileile, ila besi, ile rangi ya msingi ambayo mashine huitilia rangi uliyochagua, ni tofauti: mmoja besi ya rangi nzito, mwingine besi ya rangi za kati, ambayo tayari ina nyeupe ndani. Nikamwekea yule kijana pale kaunta. Hata hakuinua macho kwenye simu.

"Mama, hizo ni taa za kwako. Badilisha balbu."

Balbu gani, saa sita mchana, kifuniko kiko mkononi mwangu? Nikamuulizia meneja. Eti ametoka. Na meneja namwona, amekaa nyuma ya mikebe anapanga risiti, mtu yuleyule aliyenikaribisha na soda baridi siku ya kwanza! Hilo liliniuma kuliko ukuta.

Najua rangi ikishachanganywa hairudishwi, nani mwingine ataitaka? Lakini besi waliichukua wao rafuni, si mimi. Fundi naye akaja kuniambia baadaye kwamba mikebe yote humiminwa kwenye ndoo moja ikakorogwa pamoja kabla ya kuanza. Mashine ikikosea, basi ikosee ukuta mzima. Ahsante sana, fundi, na ulikuwa wapi siku zote hizo?

Nilikuwa nawaambia watu wasikanyage pale. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mashine. Halafu juzi jirani yangu hapa Migosi ameona ukuta, upande ule mzuri, akauliza nilinunua wapi. Nikamwelekeza palepale, kwa sababu giza lile lisilogeuka kijivu sijalipata duka lingine. Ila nimemwambia asome besi kwenye kibandiko kabla hajatoa pesa, na wakimletea soda, asinywe.