Tramadol au mofini ya maji, nilivyoziona zote mbili

Zote mbili ni dawa za kutuliza maumivu, lakini huku Kampala mtu akisikia mofini anaogopa, anasema hiyo ni ya anayekufa, ila tramadol anaichukulia kama panadol tu, na kwa nilivyoona nyumbani hofu imekaa pasipo pake.

Mama mkubwa alipougua saratani ya kizazi alipewa mofini ya maji, ile ambayo Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza na kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi lililoanzishwa na Dk. Anne Merriman, wameipigania tangu 1993, bure kabisa, na hapa kwetu hata nesi aliyesomea kazi hiyo anaruhusiwa kuiandika. Alipimiwa kila baada ya saa 4, na ya kulalia ilikuwa dozi maradufu ili alale hadi asubuhi. Usingizi ulimsumbua siku za mwanzo tu, shida kubwa ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha tumbo lazima iende pamoja nayo. Lakini alirudi kukaa na kupiga stori na wajukuu jamani!

Tramadol nilipewa mimi baada ya ajali ya boda. Maumivu yalipungua ila kichefuchefu na jasho, loo. Na hii inaweza kuleta degedege, hasa ukipita miligramu 400 kwa siku au ukichanganya na baadhi ya dawa za sonona, na uraibu upo, ukiacha ghafla mwili unakudai.

Kwa saratani nachagua mofini bila kusita, tramadol iwe ya siku chache. Na yoyote kati ya hizo ukinywea waragi, ile pombe kali yetu, pumzi inaweza kukata.